Jioni ya Mtoto si Shamba Lisilo na Mwenyewe



Kila muhula unapoanza, wazazi wa vigango vya pwani ya Mtwara hutuuliza sisi mafrateri swali moja: "Frateri, huyu mtoto nimwingize wapi?" Mwalimu wa michezo anamtaka kwenye timu ya shule. Mlezi wa Utoto Mtakatifu anamtaka Jumamosi. Kiongozi wa kwaya ameisikia sauti yake. Mwalimu wa darasa anashauri tuisheni. Babu anataka mjukuu aijue bahari angali mdogo. Wote wana nia njema, na wote wanautazama muda uleule: saa chache kati ya kengele ya mwisho ya shule na adhana ya magharibi.

Jibu letu ni hili. Mtoto wa shule ya msingi anatoshwa na shughuli moja ya nje ya darasa, ambayo yeye mwenyewe ameshiriki kuichagua, chini ya mkubwa ambaye mzazi anamfahamu kwa jina na kwa tabia. Muda unaobaki ni wa nyumbani, wa kucheza na wa kulala. Tunajua kwamba jibu hili litaonekana dogo kwa mzazi anayeogopa mwanawe asiachwe nyuma. Tunamwomba atusikilize mpaka mwisho.

Saa zenyewe ni ngapi?

Tuanze na hesabu. Shule nyingi huwaachia watoto alasiri, kwenye saa nane au saa tisa. Jua la kwetu huzama karibu na saa kumi na mbili. Zinabaki saa tatu au nne. Toa mwendo wa kurudi nyumbani, ambao kwa watoto wengi wa Msimbati, Madimba au Kilambo si wa kupuuzwa. Toa chakula. Toa maji na kuni, kazi ambazo kwa kawaida humwangukia binti kuliko kaka yake. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, toa na kuokota korosho. Kinachobaki ni saa moja, au moja na nusu akibahatika.

Katika saa hiyo moja ndipo tunapotaka kuingiza timu, kwaya, tuisheni, mafundisho na bahari. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na huyu tunamshikisha tano. Matokeo yake tunayaona wote. Mtoto anasinzia darasani, anaacha shughuli hii na kuingia ile, na mwisho anaitwa mtoto asiyetulia. Kumbe hakuna aliyemuuliza alitaka nini.

Jioni ya mtoto hutendewa kama shamba lisilo na mwenyewe: kila mpita njia anakata kipande chake. Lakini mwenyewe yupo. Ni mtoto, na wazazi wake ndio walinzi wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mwalimu, katekista na kocha ni wasaidizi. Kwa hiyo mzazi anayesema "hapana, muhula huu inatosha" hamvunjii mtu heshima. Anatimiza wajibu wake.

Michezo ya shule na tamaa ya kombe

Shule zetu zina kitu kizuri cha kutoa. Kupitia UMITASHUMTA, watoto wa shule za msingi hushindana katika soka, netiboli, riadha, kwaya na ngoma, kuanzia shuleni hadi ngazi ya taifa. Mwaka 2019, na tena 2021, mashindano ya taifa yalifanyika hapa Mtwara, na watoto wa mikoa mingine wakaja kucheza kwenye viwanja vyetu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 nao umeiweka Sanaa na Michezo kuwa somo. Ni jambo la kushukuru, kwa kuwa mchezo umetoka kwenye orodha ya anasa na kuingia kwenye ratiba.

Hata hivyo mashindano yana tabia yake, nayo ni kuchuja. Timu ya soka ni watoto kumi na mmoja uwanjani, na shule ina mamia. Mzazi akichagua shughuli kwa kutazama kombe, mtoto wa kawaida atabaki nje ya mstari akiwapigia wenzake makofi, na yule mwenye kipaji atafundishwa mapema kwamba thamani yake ni ushindi wake.

Katika masomo yetu ya falsafa tunakutana na Aristotle, ambaye katika kitabu cha nane cha Siasa anazungumzia malezi ya watoto. Anaonya dhidi ya mazoezi makali kwa wadogo, na ushahidi wake ni wa mtu aliyetazama orodha ya washindi: kati ya mabingwa wa Olimpiki, ni wawili au watatu tu walioshinda wakiwa wavulana na kushinda tena wakiwa watu wazima. Wengine nguvu zao zilimalizwa utotoni. Onyo hilo lina zaidi ya miaka elfu mbili na bado linatuhusu.

Mpira wa mtoto wa darasa la nne si ajira yake ya baadaye. Uwanjani anajifunza kungoja zamu, kushindwa bila kupigana, na kumpa pasi mwenzake asiyempenda. Hayo anaweza kuyapata hata aliye dhaifu, mradi naye achezeshwe. Na kwa pwani yetu, ambako Wakristo na Waislamu wanaishi mlango kwa mlango, timu ya mtaa ni mahali ambapo mtoto wa mafundisho na mtoto wa madrasa wanazoeana kabla hawajafundishwa kuogopana. Tunawashauri wazazi Wakatoliki wasiitafutie kila shughuli jina la mtakatifu ndipo waikubali.

Vipi kuhusu tuisheni?

Hapa ndipo penye hofu kubwa, na hofu hiyo ina sababu. Kwa miaka mingi mtihani wa darasa la saba ulikuwa mlango mwembamba, na aliyeshindwa alirudi shambani au pwani bila njia nyingine. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imepanga elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mlango unapanuliwa. Mzazi wa mtoto wa darasa la tatu hana sababu ya kuishi kwa hofu ya mwaka 1990.

Tutofautishe mambo mawili. Mtoto asiyejua kusoma anahitaji msaada wa kusoma, na msaada huo utangulie kila kitu, hata mpira. Hiyo ni dawa, na dawa hutolewa kwa mgonjwa kwa kipimo na kwa muda. Lakini mtoto anayefuata masomo yake vizuri, akarudishwa darasani jioni kurudia kilekile cha asubuhi, hapati dawa. Anapewa mzigo. Kwake kitabu kimoja cha hadithi nyumbani, dada au kaka akimsikiliza akisoma kwa sauti, kina faida kuliko saa mbili za kunakili ubaoni.

Bahari ni mwalimu, lakini si mwajiri wa mtoto

Wapo wanaosema kwamba mambo ya shughuli za ziada ni ya watoto wa mjini. Hatukubaliani nao. Babu anayemwonyesha mjukuu kufuma wavu, mama anayemfundisha binti kusuka ukili, fundi wa Kimakonde anayempa mtoto kipande cha mti na kumwacha ajaribu, na mzee anayewafundisha watoto hatua za sindimba, wote hao wanaendesha shughuli za nje ya darasa, na wengine wanafanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilalamikia shule inayomtenga mtoto na maisha ya watu wake. Mtoto akimchagua babu kuwa mwalimu wake wa jioni, hajachagua kitu duni.

Ila kuna mpaka, na ni lazima tuuseme wazi. Watu wa pwani wanajua kwamba siku za bamvua maji hupwa sana asubuhi, kwenye saa nne hivi. Hizo ni saa za darasa. Mtoto aliyeko mwambani na ndoo ya pweza saa hiyo hayuko kwenye shughuli ya ziada, yuko kazini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na inataja kucheza na kupumzika kati ya mambo ambayo mtoto anastahili kupewa na wazazi wake. Sisi tunapendekeza kipimo rahisi cha kutambua mpaka huo. Je, mtoto akisema leo nimechoka, anaruhusiwa kukaa? Akiruhusiwa, anajifunza. Asiporuhusiwa kwa kuwa mboga ya nyumba au pesa ya mtu inamtegemea, anafanya kazi. Tunajua umaskini upo, na hatumhukumu mama anayehangaika. Tunachosema ni kwamba njaa ya nyumba hiyo ni suala la Jumuiya nzima na la Caritas ya parokia. Mtoto wa miaka tisa asiachiwe alibebe peke yake.

Bahari yetu ina jambo jingine la kumfundisha mtoto. Tangu mwaka 2000 eneo la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari. Kuna mikoko, kuna matumbawe, na kasa hupanda ufukweni kutaga. Pwani hiyohiyo imewahi kuumizwa na uvuvi wa baruti, unaovunja matumbawe kwa sekunde chache ilhali kuota kwake ni kwa miaka mingi. Shule yenye klabu ya mazingira, hata ya watoto kumi wanaopanda mikoko na kujifunza majina ya samaki, inawaandaa wavuvi watakaojua wanachokiharibu. Na kwa mabinti wengi wanaoishi hatua chache kutoka majini bila kujua kuogelea, masomo ya kuogelea ni shughuli ya kuokoa uhai. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea kwa mavazi ya staha na kwa kukubaliana na wazazi wao. Hatuoni kwa nini Msimbati au Mikindani pashindwe.

Nani yuko naye?

Wazazi wengi huuliza shughuli ni ipi. Wachache huuliza msimamizi ni nani. Wazee wetu waliuliza la pili kwanza. Katika jando na unyago mtoto hakupelekwa tu na kuachwa. Alikuwepo mkubwa aliyejulikana na ukoo, aliyebeba dhamana ya kumrudisha salama. Tunaweza kutofautiana juu ya baadhi ya mambo yanayofundishwa huko, lakini kanuni hiyo ni ya busara na tusiitupe. Timu ya mpira iwe na mkubwa wa namna hiyo. Kwaya iwe naye. Tuisheni iwe naye.

Kwa hiyo mzazi aende akaone, walau mara moja, bila kuaga. Atazame kama wapo wakubwa wawili au mmoja tu. Atazame kama mtoto anafundishwa mahali pa wazi au nyuma ya mlango uliofungwa. Aulize wanaondoka saa ngapi na wanarudi na nani. Asione haya kuuliza hivyo parokiani pia. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2019, Vos estis lux mundi, aliweka taratibu za kupokea taarifa za unyanyasaji ndani ya Kanisa na kuzifuatilia, kwa sababu kanzu na cheo havitoshi kuwa dhamana. Frateri, katekista au padre anayewapenda watoto hataudhika kuulizwa.

Tusimgombanie mtoto

Neno hili tunalielekeza kwetu sisi tunaohudumu parokiani. Utoto Mtakatifu, ulioanzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson mwaka 1843, ni shule nzuri ya sala na ya kuwajali watoto wengine. Utumishi wa altare umelea miito mingi. Kwaya ya watoto ni furaha ya ibada. Lakini ni rahisi parokia kumwona mtoto mmoja mchangamfu na kumpa yote matatu, wakati kumi wengine wapole hawaitwi popote. Mchangamfu anachoka, wapole wanajifunza kwamba Kanisa si lao. Walezi wakikaa pamoja na orodha moja mwanzoni mwa mwaka, tatizo hili linakwisha kwa mkutano mmoja.

Mtakatifu Yohane Bosco anatuonyesha njia. Akiwa mvulana alijifunza kutembea juu ya kamba na kufanya mazingaombwe ili awavute wenzake kwenye sala. Alipokuwa padre, mwaka 1846 alipata makao ya kudumu ya watoto wake Valdocco, Torino, na pale uwanja wa michezo, darasa na kanisa vilikaa pamoja. Yeye mwenyewe alikuwepo uwanjani. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu tunayemsoma kila siku, anafundisha katika Summa Theologiae kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba mchezo wa kiasi ndio pumziko lake. Anakwenda mbali zaidi: mtu asiyejua kucheza kabisa, anayewakunjia uso wanaocheza, ana kosa. Basi mtoto anayekimbiza mpira wa makaratasi baada ya mafundisho asionekane anapoteza muda wa Mungu.

Namna ya kuchagua

Baadhi watasema mtoto hajui anachotaka, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwamba akili ya mtoto haijakomaa kuamua mambo makubwa. Lakini uwezo wa kuamua haushuki siku moja mtu anapofikisha miaka 18. Hukua kwa kutumiwa katika mambo madogo. Mtoto asiyewahi kuchagua kati ya ngoma na netiboli atachaguaje rafiki, kazi, ndoa au wito? Hata samaki mbichi, ukimkunja kwa nguvu, ngozi hupasuka. Sheria ya Mtoto nayo inampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kusikilizwa katka mambo yanayomhusu.

Tunashauri hivi. Kwa wiki mbili mzazi amtazame mtoto: anafanya nini pasipo kutumwa? Anarudi na furaha kutoka wapi? Kisha amwekee mezani shughuli mbili au tatu ambazo kweli zinawezekana kwa umbali, kwa gharama na kwa usalama, na mtoto achague moja. Wakubaliane kwamba ataifuata mpaka mwisho wa muhula. Muhula ukiisha, yuko huru kuiacha bila kuaibishwa, lakini katikati asikimbie kwa sababu tu amefungwa mabao. Hivyo anajifunza uhuru na uaminifu kwa pamoja.

Na kama nyumbani kuna kaka na dada, mgawanyo wa kazi upitiwe upya. Binti hawezi kuchagua netiboli kama ndoo zote ni zake. Kaka akibeba maji siku mbili kwa juma, dada amepata shughuli ya ziada bila shilingi hata moja kutumika.

Kwa halmashauri za walei tuna ombi moja. Kila kigango kichague alasiri moja kwa juma ambapo uwanja wake utakuwa wazi kwa watoto wote wa mtaa, wa dini yoyote, bila mashindano na bila mchango, wakiwepo wakubwa wawili wanaojulikana. Jumuiya zipokezane zamu. Sisi mafrateri, tukiwa likizo, tutashika zamu zetu.